Maswali ya wasomaji: Je, bakteria wa kinywani wanaweza kutufichulia saratani na maradhi ya taya?

Kati ya barua zilizotufikia kwa ajili ya safu hii ya afya ya kinywa na meno, nyingi zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: kama bakteria wanaoishi kinywani wanaweza kutuambia mapema kwamba mtu ana saratani, au kwamba taya lake lina ugonjwa. Nimechagua barua nne. Nimezifupisha bila kubadili maana yake, na sikutaja majina ya walioziandika.

Daktari, shikamoo. Nilisikia redioni kwamba siku hizi wataalamu wanaweza kutambua saratani ya kinywa kwa kupima mate tu na kuangalia ni bakteria gani wamo. Mama yangu ana miaka 63, ametafuna tambuu tangu ujana wake, na sasa ana doa jeupe ndani ya shavu la kushoto ambalo halitoki hata likisuguliwa. Hospitalini wameshauri atolewe kipande kidogo cha nyama kikapimwe, naye amekataa katakata kwa kuwa jirani amemwambia kisu kikigusa saratani huisambaza. Je, hatuwezi kupima mate badala yake? – Msomaji, Tanga

Marahaba, na poleni. Nitaanza na lile mnalolihitaji wiki hii, ndipo nieleze habari uliyoisikia. Mama aende akatolewe kipande hicho. Hakuna kipimo cha mate ambacho leo kinaweza kushika nafasi yake kwa mtu ambaye doa lake limekwisha kuonekana kwa macho, na kila wiki inayopita katika kutafuta njia ya kukwepa sindano ya ganzi ni wiki ambayo doa hilo, kama lina ubaya, linapata nafasi ya kuzama ndani zaidi.

Habari ya redioni haikuwa uongo. Wataalamu wamekwisha kutambua aina zaidi ya 700 za bakteria wanaoishi katika vinywa vya binadamu, ingawa mtu mmoja hubeba sehemu tu ya aina hizo, na kila pahali kinywani pana wakazi wake: wanaokaa juu ya ulimi si wale wanaojificha chini ya ufizi, ambako oksijeni ni haba. Zamani bakteria walijulikana kwa kuoteshwa maabara, na wengi hawakuota. Siku hizi vinasaba vyao husomwa moja kwa moja kutoka katika mate, hivyo hata wale wasiooteka wanahesabika, na hapo ndipo lilipozuka swali la kama mabadiliko katika idadi yao yanaweza kutoa habari ya ugonjwa kabla mgonjwa mwenyewe hajahisi kitu.

Mwaka 2005 watafiti wa Taasisi ya Forsyth ya Boston, Marekani, walichapisha kazi ambayo hadi leo hutajwa katika mjadala huu. Walipima mate ya wagonjwa 45 wa saratani ya kinywa na ya watu 229 wasiokuwa nayo, wakitafuta aina 40 za bakteria wa kawaida, wakakuta kwamba aina tatu, yaani Capnocytophaga gingivalis, Prevotella melaninogenica na Streptococcus mitis, zilikuwa nyingi zaidi katika mate ya wagonjwa. Kwa kutumia aina hizo tatu peke yake waliweza kuwatenga wagonjwa wanane katika kila kumi. Matokeo hayo yalitia moyo sana. Hata hivyo, mwaka 2014 watafiti wengine wa Marekani walipolinganisha uso wa saratani na upande usiougua wa kinywa cha mgonjwa yule yule, waliona kuwa ukoo wa Streptococcus kwa jumla ulikuwa umepungua. Mate si sawa na uso wa kidonda, na njia za kupima zilitofautiana, lakini kipimo ambacho kiashiria chake hupanda katika utafiti mmoja na kushuka katika mwingine hakijakomaa kiasi cha kumwamulia mama yako.

Kazi kubwa zaidi ilichapishwa Septemba 2024 na watafiti wa Chuo Kikuu cha New York. Hawa walikuwa na sampuli zilizohifadhiwa kutoka kwa watu wapatao 160,000 ambao walisukutua vinywa vyao wakiwa wazima, kisha wakafuatiliwa kwa muda wa miaka kumi hadi kumi na mitano. Katika muda huo watu 236 walipata saratani ya kichwa na shingo, na sampuli zao za zamani zikalinganishwa na za watu 458 wasiougua. Aina 13 za bakteria zilihusishwa na ongezeko la asilimia 30 la uwezekano wa kuugua, na zilipojumlishwa na aina nyingine tano zinazojulikana katika ugonjwa wa fizi, ongezeko likafikia asilimia 50. Uzito wa utafiti huu, kwa maoni yangu, uko katika jambo moja: sampuli zilichukuliwa kabla ya ugonjwa kuonekana. Nzi hukusanyika kidondani, lakini si nzi waliokata ngozi; na kwa miaka mingi tulishindwa kusema kama bakteria hawa ni wa namna hiyo, yaani wanaovutwa na nyama iliyokwisha kuharibika, au kama wamo miongoni mwa walioiharibu. Kuwakuta mapema, miaka kabla ya saratani, kunaongeza nguvu kwa jibu la pili, ingawa bado hakulithibitishi.

Tena zipo njia zinazoeleweka ambazo bakteria wanaweza kuchangia. Porphyromonas gingivalis, adui mkubwa wa fizi, ameonekana maabara akizizuia seli zilizoharibika zisife kama zinavyopaswa. Fusobacterium nucleatum ana protini inayomwezesha kujibandika kwenye seli za mwili na kuzichochea zigawanyike, na bakteria huyo huyo hupatikana kwa wingi pia katika saratani ya utumbo mpana. Baadhi ya bakteria wa kinywani, wakiwemo wa ukoo wa Streptococcus, huigeuza pombe kuwa asetaldehaidi, kemikali inayoharibu vinasaba vya seli, na kwa sababu hiyo mnywaji ambaye kinywa chake ni kichafu hujitengenezea sumu nyingi zaidi pale pale shavuni.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa msisitizo. Tuchukue mji mdogo wenye watu wazima 10,000, na tuseme kumi kati yao wana saratani ya kinywa bila kujua. Kipimo chenye uwezo kama ule wa Boston kitawanasa wanane na kuwapita wawili. Lakini kipimo hicho kilimdhania vibaya pia karibu mtu mmoja katika kila sita wasio wagonjwa, na hao katika mji wetu ni zaidi ya watu 1,600 watakaolala na hofu ya saratani wasiyokuwa nayo. Na kama mama yako angekuwa mmoja wa wale wawili waliopitwa, angerudi nyumbani na karatasi ya kumtuliza huku doa likiendelea na kazi yake. Ndiyo maana nasema mate yanaweza kutueleza hatari. Hayawezi kutoa hukumu.

Kinachoweza kuokoa maisha tayari tunacho, nacho ni jicho na mwanga. Katika wilaya ya Trivandrum, jimbo la Kerala nchini India, kuanzia mwaka 1996 wahudumu wa afya waliofunzwa, ambao hawakuwa madaktari, walipita nyumba kwa nyumba wakiwaangalia watu vinywani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kuwa vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa takriban theluthi miongoni mwa watumiaji wa tumbaku na pombe. Natamani sana kuona kazi kama hiyo katika mwambao wetu, ambako tambuu, ugoro na kuberi viko karibu na kila soko. Tambuu ya mama yako yenyewe ina jani, popoo, chokaa na mara nyingi tumbaku, na wengi hudhani kuwa wakiiondoa tumbaku wamepona. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilikwisha kutangaza mwaka 2004 kwamba popoo peke yake husababisha saratani kwa binadamu. Popoo hukaza pia nyama za mashavu zikawa kama kamba. Mwambie mama afungue kinywa kadiri awezavyo, asimamishe vidole vitatu vya mkono wake kati ya meno ya juu na ya chini. Kama haviingii, na kama pilipili imeanza kumchoma kuliko zamani, amweleze daktari siku hiyo hiyo, maana hali hiyo nayo ni mlango wa saratani.

Kuhusu kisu, mweleze taratibu kitakachofanyika. Atakaa kwenye kiti kilekile cha kung'olea jino. Daktari atamshika ulimi kwa kitambaa cha shashi na kuangalia pande zake zote, chini yake na sakafu ya kinywa, kwa sababu madoa huja mawili au matatu. Kisha atamchoma ganzi, atakata kipande kinachokaribia punje ya mchele kwenye ukingo wa doa, hasa mahali palipochanganyika weupe na wekundu, akitie katika chupa yenye fomalini, na kushona uzi mmoja au miwili. Mama atarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kukatwa kipande hakuisambazi saratani. Wengi waliozidiwa baada ya kupimwa, na ambao majirani huwatolea mfano, walifika hospitali saratani ikiwa imekwisha kufika shingoni. Nenda naye wewe mwenyewe, ukamshike mkono.

Daktari, habari ya kazi. Nina miaka 41. Fizi zangu hutoka damu kila nikipiga mswaki, kinywa kinanuka hata nikisafisha, na meno mawili ya mbele chini yameanza kucheza. Nimesoma kwamba bakteria wa fizi huleta saratani. Nimenunua maji ya kusukutua makali na vidonge vya antibiotiki ili niwaue wote. Nitumie kwa muda gani? – Msomaji, Nakuru

Vidonge usivitumie. Dalili ulizoeleza ni za ugonjwa wa fizi uliokwisha kushuka hadi kwenye mfupa, na mzizi wake ni ukoga uliogandamana chini ya ufizi ukawa mgumu kama jiwe. Dawa unayomeza haiwezi kuupenya ukoga huo. Itawaua bakteria dhaifu na kuwaacha sugu. Kinachotakiwa ni daktari wa meno au msaidizi wake akwangue mizizi ya meno yako kwa vifaa, pengine kwa ganzi, na akupime kwa kijiti chenye alama za milimita ufizi umeachana na jino kwa kina gani. Kina kinachozidi milimita tatu si cha kawaida.

Mfupa wa taya unaoshikilia meno hauliwi na bakteria wenyewe. Porphyromonas gingivalis pamoja na wenzake wawili, Tannerella forsythia na Treponema denticola, huuchokoza mwili bila kukoma, na mwili katika kupigana nao huziamsha seli ambazo kazi yake ni kumung'unya mfupa. Kwa hiyo bakteria hao watatu wakipatikana kwa wingi chini ya ufizi, hapo kweli ni viashiria vya maradhi ya taya, na uhusiano huo umethibitika kwa uwazi zaidi kuliko ule wa saratani. Kisukari huzidisha uharibifu huo, na ugonjwa wa fizi nao hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Mtu wa miaka 41 mwenye meno yanayocheza apime sukari.

Je, utapata saratani? Uhusiano upo, lakini kwa mtu mmoja mmoja hatari inayotokana na fizi ni ndogo ikilinganishwa na ile ya sigara, tumbaku ya kutafuna, popoo na pombe. Kama unavuta sigara, anza hapo. Sigara hubana mishipa midogo ya damu ya fizi, kwa hiyo mvutaji anaweza kuwa na ugonjwa mkubwa huku fizi zake zikitoka damu kidogo tu, akajiona ana nafuu.

Maji makali ya kusukutua yasiyoandikwa na daktari sikushauri kuyatumia kila siku. Wapo bakteria kwenye ulimi wanaotusaidia: huchukua naitreti iliyomo katika mboga kama mchicha na kuanza kuigeuza kuwa kitu kinacholegeza mishipa ya damu, na anayewafagia wote hupoteza msaada huo. Mswaki laini mara mbili kwa siku na uzi wa kusafishia katikati ya meno vitakufaa zaidi, na mswaki wa mti nao ni mzuri ukitumiwa polepole bila kuukwaruza ufizi.

Nikuongezee jambo moja la kuangalia. Ugonjwa wa fizi kwa kawaida hushika meno kadhaa na huenda taratibu kwa miaka. Jino moja likilegea peke yake kwa wiki chache wakati meno ya jirani ni imara, au shimo la jino lililong'olewa likikataa kufunga na kuota nyama nyororo inayotoka damu, au mdomo wa chini ukafa ganzi upande mmoja bila kuchomwa sindano, hizo ni dalili za kitu kinachokula taya kutoka ndani, na picha ya eksirei haifai kucheleweshwa.

Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 71 na ana saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa. Kwa zaidi ya mwaka amekuwa akichomwa sindano ya kuimarisha mifupa kila mwezi. Miezi mitatu iliyopita aling'oa gego la chini. Shimo halijafunga, mfupa unaonekana wazi wenye rangi ya manjano, na usaha unatoka. Maabara imeandika kwamba ameonekana bakteria aitwaye Actinomyces. Je, bakteria huyu ndiye aliyemwozesha taya, au saratani imefika kinywani? – Msomaji, Mwanza

Marahaba. Sindano nyingi za aina hiyo ni za jamii ya bisfosfoneti, na ipo pia dawa ya denosumabu inayofanya kazi inayofanana. Husaidia sana kuzuia mifupa isivunjike na kupunguza maumivu, nami sitaki baba aichukie dawa iliyomkinga. Lakini hufanya hivyo kwa kuzizuia zile seli zinazomung'unya mfupa, na taya lililong'olewa jino linazihitaji seli hizo ili liondoe mfupa uliokufa na kujenga mpya. Robert Marx wa Miami, Marekani, ndiye aliyeandika mwaka 2003 kuhusu wagonjwa wa kwanza kuonekana na hali hii. Leo tunasema mtu anayo iwapo ametumia dawa hizo, hakuwahi kupigwa mionzi kwenye taya, na mfupa umekaa wazi kwa zaidi ya wiki nane. Maelezo ya baba yanaelekea huko. Kati ya wagonjwa wa saratani wanaochomwa dawa hizi, wanaopata tatizo la taya ni chini ya watano katika kila 100.

Actinomyces huishi katika vinywa vyetu sote bila kudhuru. Akikuta mfupa uliokosa damu na uhai, hujenga makoloni juu yake, na ndiyo sababu huonekana mara kwa mara katika vipande vya taya lililokufa, liwe limekufa kwa dawa au kwa mionzi. Kuwepo kwake kunamwambia daktari kwamba mfupa huo umeshambuliwa na unahitaji dawa, kwa kawaida ya jamii ya penisilini na kwa muda mrefu kuliko jipu la jino la kawaida. Hakumwambii kwamba bakteria ndiye aliyeanza. Ugonjwa unaofanana na huu uliwahi kuwapata wafanyakazi wa viwanda vya viberiti Ulaya katika karne ya 19, waliokuwa wakivuta mvuke wa fosforasi nyeupe: mataya yao yalikufa, bakteria wa kinywani wakaingia, na usaha ukatoboka hadi nje ya shavu. Kina dada wa kiwanda cha viberiti cha London waligoma mwaka 1888, na taya la fosforasi lilikuwa miongoni mwa mateso yao. Mwaka 1906 mataifa kadhaa yalikubaliana mjini Bern, Uswisi, kupiga marufuku fosforasi hiyo katika viberiti. Bakteria walikuwepo tangu mwanzo. Ugonjwa uliisha pale sumu ilipoondolewa.

Swali lako la pili ni zito na nimefurahi umeliuliza. Saratani ya tezi dume inaweza kufika taya, ingawa si mara nyingi, na jibu la maabara lenye jina la bakteria halifungi mlango huo. Daktari wa upasuaji wa kinywa na taya akiondoa vipande vya mfupa uliokufa, ombeni vipelekwe vyote patholojia, yaani maabara inayochunguza vipande vya mwili kwa darubini, na ulizeni mkirudi kliniki kama majibu yametoka. Swali kama hilo ni haki yenu. Kwa sasa baba asukutue kwa klorheksidini aliyoandikiwa, asichokonoe mfupa kwa kijiti wala sindano, na asing'olewe jino jingine mpaka daktari wa meno na daktari wa saratani wazungumze. Msiisimamishe sindano ya mwezi wenyewe; uamuzi huo wafanye wao wawili.

Kwa wasomaji wengine ambao wazazi wao wanatarajiwa kuanza sindano hizo, au mionzi ya kichwa na shingo: nendeni kwa daktari wa meno kwanza. Jino bovu ling'olewe na shimo lipone kabla ya matibabu kuanza, ikiwezekana wiki mbili hadi tatu kabla ya mionzi. Inaniuma kuona taya lililopotea kwa sababu hakuna aliyempeleka mgonjwa kwenye chumba cha meno kilichokuwa katika hospitali ile ile.

Daktari, mwanangu wa kiume ana miaka 6. Wiki tatu zilizopita alivimba taya la juu upande wa kulia. Duka la dawa walisema ni jipu la jino, bakteria wameingia, wakatupa antibiotiki. Amemaliza dozi mbili. Uvimbe unakua, hauna joto wala usaha, meno yamelegea na jicho limeanza kusukumwa mbele. Niongeze dozi ya tatu? – Mama, Geita

Mhariri alinisomea barua hii siku ilipofika, na tulimpigia mama simu siku hiyo hiyo kumwelekeza hospitali ya rufaa. Jibu linachapwa kwa ajili ya wazazi wengine.

Dozi ya tatu asipewe. Jipu la jino huuma, huwa na joto, mara nyingi lina jino bovu karibu yake, na likipewa dawa sahihi huanza kunywea ndani ya siku chache. Uvimbe wa taya kwa mtoto usiouma sana, unaokua kwa kasi, unaolegeza meno kadhaa na kusukuma jicho, lazima ufikiriwe kuwa limfoma ya Burkitt, ambayo ni aina ya saratani, mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Ni ugonjwa wa kwetu hasa. Daktari Denis Burkitt aliuona mwaka 1957 katika Hospitali ya Mulago, Kampala, kwa mtoto aliyekuwa amevimba mataya yote pande zote mbili, na mwaka 1964 uchunguzi wa sampuli zilizosafirishwa kutoka Uganda hadi London ulifichua kirusi kinachoitwa Epstein-Barr. Bakteria hawahusiki. Kirusi hicho, pamoja na malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara, ndivyo vinavyofungua njia, na ndiyo maana ugonjwa huu umeenea katika ukanda wenye malaria nyingi, Kanda ya Ziwa ikiwemo.

Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na kwa sababu hiyo hiyo ya kukua haraka huitikia vizuri dawa za saratani zikianza mapema. Nimewaona watoto ambao nyuso zao zilirudi katika umbo lake wiki chache baada ya matibabu kuanza. Hauhitaji kuondolewa kwa upasuaji. Kinachotakiwa ni kipande kwa ajili ya patholojia, kisha dawa.

Upo ugonjwa mwingine wa watoto ambao bakteria wanahusika kweli, nao ni noma. Huanza kwa kidonda cha ufizi chenye harufu kali kwa mtoto aliyekonda kwa lishe duni, mara nyingi baada ya surua, kisha ndani ya siku chache shavu huweka doa jeusi na kutoboka, na mfupa wa taya nao huoza. Bila matibabu huua watoto walio wengi, hadi tisa katika kila kumi. Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwezi Desemba 2023 katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Noma ikikamatwa ingali katika ufizi, antibiotiki, chakula chenye virutubisho na usafi wa kinywa huizuia, na hapo dawa ileile ambayo haikumfaa mtoto wa Geita ndiyo inayookoa.

Mzazi anayempeleka mtoto hospitali kwa uvimbe wa taya achukue maboksi ya dawa zote alizokwisha kupewa, aeleze tarehe uvimbe ulipoanza kuonekana, na kama ana picha ya mtoto kwenye simu iliyopigwa kabla hajavimba, aioneshe. Asikubali kurudishwa nyumbani na antibiotiki nyingine bila mtoto kupigwa picha na kutolewa kipande.